Niliunguza Ndevu za Baba Krismasi, Nikamsingizia Paka

Nimekosa, na kosa langu lina ndevu. Kwa Mola wangu nimeomba maghufira, kwa jirani yangu nimeomba radhi, na hata kwa paka nimeomba. Umebaki wewe msomaji. Sogea karibu, maana sauti siwezi kuipandisha: wanafunzi wangu wanasoma chumba cha pili, na mwongo wa habari hii ndiye mwalimu wao.

Mimi ni mzee wa Mji Mkongwe, fundi wa kanzu na kofia. Asubuhi nasomesha watoto Kurani, mchana nashona. Alhamdulillahi, jicho bado linaona tundu la sindano. Watu huniita Maalim, na mtu akiitwa Maalim miaka mingi, mwishowe huamini kwamba anajua kila kitu. Ugonjwa wangu ulianzia hapo.

Jirani yangu wa mlango wa pili nitamwita Bi Matilda, ingawa silo jina lake. Ni Mkristo. Wazee wake walitoka bara, yeye kazaliwa hapa hapa. Mumewe alikuwa mpishi katika hoteli moja kule Uroa. Hoteli ilipotaka kutupa nguo zake kuukuu za Baba Krismasi, mpishi akaziomba: koti jekundu lenye manyoya meupe pembeni, suruali, kofia, mkanda, na ndevu ndefu za nailoni. Tangu hapo, kila Krismasi alizivaa akawagawia peremende watoto wa kanisani kwao. Alikuwa mfupi, mnene, na kicheko chake kilianzia tumboni. Hata watoto wetu wa Kiislamu walijipenyeza kwenye foleni, nami nikijifanya sikuwaona.

Mwaka jana, masika yalipokwisha, akafariki.

Desemba ilipoingia, Bi Matilda akaja dukani kwangu na furushi. Mpwa wa marehemu, mwalimu wa skuli aitwaye Gaudensi, alikubali kuzivaa nguo zile ili watoto wasikose. Tatizo ni kwamba Gaudensi ni mrefu na mwembamba kama mwanzi wa kuangulia maembe.

"Maalim," akaniambia, "koti lipunguze utakavyo. Ndevu zifue kwa maji ya baridi tu, uzianike kivulini. Moto zisiuone. Kila nikizishika namwona mwenyewe anacheka."

"Bi Matilda, mimi nimeshika sindano tangu hujaolewa."

Hilo ndilo nililomjibu. Jeuri iliyoje!

Gaudensi akaja kupimwa. Koti lilimzunguka likabaki, na suruali ilimfika katikati ya muundi. Mke wangu, Bi Zuhura, alikuwa anapita na sinia la mchele. Akasimama, akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Huyu Baba Krismasi kafunga tangu Rajabu."

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, nisijidhulumu. Koti sikulikata. Nililiingiza ndani kwenye mishono ya ubavuni, kitambaa cha ziada nikakiacha ndani, maana mwalimu mwembamba wa leo akioa atanenepa. Suruali nilishusha pindo lote, nikaongezea kipande chekundu kilichobaki kwenye mapazia ya harusi ya watu. Tumbo nilimshonea mto wa sufi wenye kamba za kupita mabegani, ili akiinama kwa watoto tumbo lisimteremkie magotini. Kabla ya kufua niliyafumua manyoya yote meupe, nikayafua mbali, ili wekundu wa koti usiyaingie. Ndevu nazo nilizifua kwa maji ya baridi, nikazianika kivulini, kama nilivyoagizwa.

Laiti ningeishia hapo!

Lakini zile nguo zilikuwa zinanuka naftalini na majasho ya Uroa ya miaka mingi, na sabuni haikuyatoa yote. Nami nina desturi yangu: nguo haitoki dukani kwangu bila kufukizwa udi. Kanzu ya bwana harusi, kanzu ya maiti mtarajiwa, zote hupita kwenye moshi. Kisha shetani wangu, ambaye ni mcheshi kama mimi, akaninong'oneza: fikiria Baba Krismasi anaingia kanisani ananukia kama mtu anayekwenda Ijumaa! Nikacheka peke yangu.

Nikawasha makaa, nikaweka udi kwenye chetezo, nikakifunika kwa tenga, na juu ya tenga nikatandaza koti. Ndevu nikazichomeka ndani ya ukosi, zielekee chini, zipate moshi sawasawa. Maneno ya Bi Matilda niliyakumbuka. Wallahi niliyakumbuka. Nikajiambia kwamba moto wa udi si moto, ni moshi tu.

Adhana ya alasiri ikalia. Ningeweza kukitoa chetezo. Sikukitoa. Nikaenda kusali, na nikiwa kwenye sijda nikawa nafikiria vile watu watakavyonisifu kwa harufu nzuri.

Niliporudi, uchochoro mzima ulinuka ndoo ya plastiki iliyoungua. Koti lilisalimika. Ndevu zilikuwa zimejikunja, zimeyeyuka, zimekuwa bonge jeusi mfano wa ukoko uliogandia sufuriani. Zile ndevu, jamani! Mjane wa watu alikuwa amenipa kitu kimoja cha kutunza, na maneno machache ya jinsi ya kukitunza.

Nikalifunga lile bonge kwenye gazeti, nikalitia katika pipa la taka. Sijakaa vizuri, nasikia "Hodi". Bi Matilda amefuata nguo zake, sherehe ni kesho.

Sasa nikujulishe paka. Bi Matilda ana paka dume, mweusi mwili mzima, shingoni ana duara jeupe kama ukosi wa kasisi. Mtaa mzima humwita Padri. Waislamu na Wakristo, wote Padri. Wakati ule alikuwa kakaa dirishani kwangu, anajilamba mguu, hana habari na dunia.

"Ndevu ziko wapi, Maalim?"

Nikatazama chini. Nikatazama dirishani.

"Padri," nikasema. "Kaingia nilipokwenda msikitini, kazirarua zote. Nimezitupa, usije ukaziona ukaumia."

Alilichukua koti, akaliweka karibu na uso, akapitisha kidole kwenye ukosi. Kisha akamtazama paka.

"Padri?"

"Padri."

"Haya," akasema, akaondoka na nguo.

Msomaji, nilishusha pumzi. Nilimshukuru Mungu kwa kunistiri! Uone mtu anavyoweza kumshukuru Mungu kwa uongo wake mwenyewe.

Jioni ile nilishona ndevu nyingine, sufi juu ya kitambaa cha shashi, nikampelekea. Kesho yake nilisimama nje ya ua wa kanisa kutazama. Gaudensi alipendeza, tumbo lilikaa mahali pake. Lakini alipocheka kicheko cha kwanza, sufi ikamwingia puani. Akapiga chafya, sufi ikaruka. Akivuta pumzi, chafya nyingine. Watoto walifurahi sana, wakidhani ni theluji. Mmoja akamuuliza kwa nini Baba Krismasi ana mafua na nchi ina joto. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nikacheka. Bi Matilda hakucheka. Alikuwa anakitazama kidevu cha Gaudensi, mahali ambapo zingekuwa ndevu za mumewe.

Baada ya siku chache Padri hakuonekana. Bi Zuhura akaniletea habari: Bi Matilda kampeleka kwa dada yake Mkokotoni, kasema paka anayeharibu amana za watu hafai kuishi na majirani. Mke wangu alipokuwa akinieleza, alinitazama usoni kama anayesubiri maji yachemke.

"Masikini," nikasema. Neno hilo tu.

Tangu afiwe, Bi Matilda alikuwa akizungumza na yule paka. Ukuta wetu ni mmoja, nilimsikia kila jioni akimgombeza kwa sababu ya dagaa, akimuuliza alikokuwa, akimsimulia habari za soko. Sasa nyumba ile ikawa kimya. Siku moja nilimwona katoka na kisahani, kakiweka kizingitini, kasimama. Kisha akainama akakiokota, akarudi nacho ndani.

Nilikiona kisahani kile, na bado sikusema! Nilijiambia nitangoja wakati mzuri, kwa kuwa mimi ni mtu wa subira. Ndugu yangu, uoga ukivaa kanzu huitwa subira.

Chuoni kwangu nako, kwa watoto wa Kurani, tulifika kwenye hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka mpaka akafa njaa. Nimeisomesha maisha yangu yote, tena kwa mikono na macho. Safari hii nikafunua kurasa mbili kwa pamoja. Wanafunzi wakubwa wakatazamana.

Ramadhani ikaingia. Kila mwaka, Bi Matilda hutuletea mkate wa kumimina wa kufuturia, na mwaka huu hakuacha. Ulikuwa mlaini, una iliki, na kila tonge lilinikwama kooni. Bi Zuhura akaniuliza kama mkate una mfupa.

Na hapo ndipo panya walipokuja. Sikuwahi kujua kwamba dukani kwangu kulikuwa hakuna panya kwa sababu ya Padri. Nilidhani ni baraka ya dua zangu. Msimu wa Idi watu huniletea kofia za viua, zile za kudariziwa kwa mkono, nizifue na kuzitia wanga zisimame, na panya, kumbe, hupenda wanga kama sisi tunavyopenda kaimati. Asubuhi moja nikafungua duka, nikakuta kofia zimetafunwa safu nzima. Ya imamu wetu ilikuwa na matundu ambayo hakuna fundi aliyeyatoboa.

Nilikaa chini kati ya zile kofia, nikacheka, kisha nikalia kidogo. Nilikuwa nimemsingizia paka kwamba kaharibu amana ya mtu, na Mungu akanionyesha amana za watu zinavyoharibika paka asipokuwepo. Nikainuka, nikabisha mlango wa pili.

Nilimweleza Bi Matilda yote. Makaa, tenga, adhana, bonge jeusi, mpaka ule mzaha wangu wa kutaka Baba Krismasi anukie Ijumaa. Alinisikiliza huku anachambua mchele, hakuinua uso.

Nilipomaliza akasema, "Koti linanukia udi mpaka kwenye bitana. Ukosini kuna tone la nailoni lililoyeyuka likaganda. Nawe unanambia Padri. Maalim, tangu lini paka akafukiza udi?"

"Ulijua?"

"Nlijua siku ile ile."

"Sasa paka ulimpelekea nini Mkokotoni?"

Akausukuma ungo pembeni. "Nlisema, Maalim mtu wa dini, hatakubali kiumbe kihamishwe kwa ajili ya uongo wake. Atasema kesho. Kesho ikapita. Nkasema, basi Ijumaa. Zimepita Ijumaa ngapi? Nshakungoja mpaka nimechoka. Ndevu ningekusamehe pale pale, kitu huungua. Lakini umeniacha peke yangu humu ndani, na ulikuwa unanisikia nilivyonyamaza."



Siku ya pili, na saumu yangu mdomoni, nikaenda Mkokotoni na kikapu cha ukindu. Nilimkuta Padri karibu na soko la samaki, amenenepa, amelala kizingitini kama mwenye nyumba. Nikachuchumaa mbele yake nikamwomba radhi kwa sauti, kwa kuwa uongo niliusema kwa sauti. Watu waliokuwa wakingoja kuvuka kwenda Tumbatu wakasimama kutazama mzee mwenye ndevu nyeupe anaungama kwa Padri. Muuza samaki mmoja akaniambia, "Mzee, huyo hatakujibu. Mpe kichwa cha kibua kwanza."

Nikampa. Akala, akanisoma uso, kisha akanikwaruza mkono. Nikamtia kikapuni, damu na yote. Nilikuwa nastahili.

Bi Matilda alipomfungulia, alimpakata akanifungia mlango. Lakini jioni ile, kupitia ukutani, nikamsikia akimgombeza kwa sababu ya dagaa. Sijapata kusikia maneno matamu kama yale.

Ndevu za marehemu hazitarudi. Ninamshonea Gaudensi nyingine za manyoya ya mbuzi mweupe, unywele mmoja mmoja juu ya shashi, zisimpigishe chafya. Bi Matilda huja kuzikagua, na kila akija hutazama kwanza kama kuna makaa. Chetezo changu kakichukua. Kasema atanirudishia akiniamini. Kwa hiyo sasa kanzu za mabwana harusi wa Kiislamu wa mtaa huu nazipeleka mlango wa pili, na anayezifukiza udi ni mjane wa Kikristo, akiwa na Padri miguuni. Wenyewe hawajui. Wanasema udi wangu siku hizi umezidi uzuri.

Nawe uliyenisikiliza, kama una nguo ya nailoni, ifue kwa maji baridi, ianike kivulini, na moto isiuone. Na ukiunguza kitu cha mtu, mwambie moshi ungali ndani ya chumba. Usingoje utoke dirishani, maana jirani keshausikia, na yuko upande wa pili wa ukuta, anakungoja wewe uanze.