Tonton Deo Alisema Itaruka

Harufu ya petroli ya ndege haifanani na ya taa wala ya gari. Ni nyepesi zaidi, inapanda puani haraka na kukaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa mara nyingi. Nyumbani kwetu Nyawera, mjini Bukavu, ilitoka kwenye ovaroli ya Papa iliyoning'inia nyuma ya mlango wa jikoni, ikachanganyika na harufu ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, waliokuwa wakikaangwa na ya makaa. Papa alikuwa fundi wa injini katika jeshi la anga la zamani, enzi ambazo nchi ilikuwa bado na jina lingine. Vita vya kwanza vilipopita na jeshi lile kusambaratika, alirudi na ovaroli hiyo na sanduku la spana, akaanza kutengeneza vinu vya mahindi na mota za mitumbwi. Hakulalamika. Mama, aliyekuwa mpiga chapa katika ofisi ya parokia, ndiye aliyelalamika kwa niaba yake, tena kwa sauti ya chini, wakati wa kukunja nguo.

Jumapili baada ya misa walikuja rafiki zake wawili wa jeshini, niliowaita tonton, yaani baba wadogo. Tonton Deo alikuwa rubani, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa, ambaye sasa alifundisha hesabu katika shule moja ya sekondari. Tonton Venant alikuwa mtu wa redio za ndege, mwembamba na mkimya, na kazi yake kubwa katika mazungumzo ilikuwa kuwasahihisha wenzake. Walikaa barazani, mbele yao mteremko wa mabati mekundu kwa kutu, na chini kabisa ziwa. Mama aliwaletea kasiksi, pombe ya ndizi, katika jagi la plastiki, nami nikakaa mkekani katikati yao nikichagua maharage. Hawakunifukuza kamwe. Tonton Deo alikuwa akisimamisha hadithi yake ili kunieleza jambo nisilolielewa, akitumia kiganja chake kama bawa: hivi ndivyo ndege inavyoinama, hivi ndivyo inavyokataa.

Hadithi waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya ng'ombe. Mkubwa mmoja wa jeshi alitaka ng'ombe wake wapelekwe shambani kwake kwa ndege ya C-130. Wakiwa angani, dume moja likakata kamba na kukimbilia mkiani, wengine wakalifuata, na pua ya ndege ikaanza kuinuka yenyewe. Papa alikuwa nyuma huko, akisukuma ng'ombe kwa mabega, huku Tonton Deo akimwambia kwenye kisikilizio awarudishe mbele, naye Papa akimjibu kwamba ng'ombe hawajui Kifaransa. Hapo Tonton Venant aliingilia kusema kwamba kisikilizio cha nyuma kilikuwa kimeharibika siku hiyo, kwa hiyo Papa hakujibu chochote. Walicheka mpaka jagi likatetemeka. Nilisikia hadithi hiyo mara nyingi sana, na kila mara ng'ombe walikuwa wameongezeka.

Kisha kikaja kiangazi cha vita vya pili. Askari wapya walishika mji karibu bila sisi kuelewa nani ameondoka na nani ameingia. Vumbi lilijaa juu ya majani ya migomba, shule hazikufunguliwa, na watu walijifunza kutembea bila kuangalia pembeni. Mama alitoa ovaroli nyuma ya mlango, akaichoma uani pamoja na takataka. Papa alisimama akiangalia, mikono mfukoni. Mama hakumwomba radhi. Jumapili iliyofuata hakuna aliyekuja. Nilichagua maharage peke yangu barazani, na sikumbuki kama niliwakosa. Nadhani nilikuwa nimeacha kuhisi mambo kwa muda, kama mguu uliokaliwa vibaya.

Walikuja kumchukua Papa asubuhi, tukiwa tunakunywa chai. Walikuwa askari wenye adabu, mmoja alivua hata kofia. Walisema kuna ndege imelala Kavumu, kwenye uwanja, injini yake moja haitaki, na wamesikia hapa anakaa fundi. Mtu aliwaambia, hatukujua nani. Tonton Deo alikuwa tayari ndani ya gari lao, amevaa shati lake jeupe la kufundishia. Alinipungia mkono kupitia dirisha. Mama alimfungia Papa bugali la jana kwenye jani la mgomba, akampa na sweta, kisha gari likashuka kuelekea barabara ya Miti, ile iendayo Kavumu. Tulirudi mezani. Chai ilikuwa bado ya moto na tulikunywa.

Siku zilipita ambazo sikuzihesabu. Maman Faida, mke wa Tonton Deo, alikuja kukaa nasi pamoja na binti yake Nsimire, aliyekuwa rika langu. Wanawake wale wawili walipika, walifua, walisali rozari jioni. Hawakuzungumza habari za Kavumu. Mimi na Nsimire tulisukana nywele na kuzifumua na kuzisuka tena.

Papa alirudi kwa miguu, peke yake. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini kama amevaa soksi nyekundu. Maman Faida alikuwa akianika nguo. Alimwangalia, akatazama nyuma yake kule njiani, akasubiri. Papa alimwambia kwamba Deo ameruka na ndege kuelekea msituni, upande wa magharibi, na kwamba haijarudi. Maman Faida aliuliza kama itarudi kesho. Papa akasema hajui. Maman Faida akamaliza kuanika nguo zilizobaki, moja baada ya nyingine, kisha akaingia ndani.

Hapakuwa na kilio. Hapakuwa na mwili, wala habari, wala mtu wa kumuuliza. Padri alipomwendea Maman Faida kuhusu misa ya marehemu, alikataa, akaomba misa ya wasafiri. Alimchukua Nsimire wakaenda Nyangezi kwa wazazi wake, na kila aliyemuuliza habari za mume wake alijibiwa neno lilelile: iko mu safari.

Tonton Venant alianza tena kuja mvua zilipoanza. Jumapili za kwanza walikaa tu, yeye na Papa, wakiangalia ziwa likipotea ndani ya mvua. Halafu Jumapili moja Papa akaanza kusimulia, bila kuombwa, kwa sauti ileile ya hadithi ya ng'ombe, na mikono ileile ikionyesha. Alisema injini ya kushoto ilikuwa imekula vyuma vyake yenyewe. Aliifungua, akaisafisha, akaifunga, na ilipowaka alisikia kwamba haifai. Akamwambia hivyo mkubwa wa askari. Mkubwa yule akasema fundi anayekataa kazi ni adui, na askari mmoja akaja kusimama nyuma ya Papa, karibu sana, akaweka mdomo wa bunduki shingoni kwake. Kisha mkubwa akamgeukia Tonton Deo, akamuuliza yeye kama rubani, ndege inaruka au hairuki.

"Deo alijua," Papa alisema. "Alisikia ile motere sawa vile mimi nilisikia."

Tonton Venant alimuuliza Deo alijibu nini.

"Alisema, 'Itaruka.' Hakuniangalia. Akavua saa yake, akapanda."

Papa aliendelea. Alisema ndege ilitumia uwanja wote kabla ya kuinuka, kwamba walipakia masanduku mengi mno, na kwamba kabla haijavuka vilima, injini ya kushoto ilikohoa. Baada ya hapo mawingu. Askari walimwachia aende kwa sababu hawakuwa tena na kazi naye. Nilingoja Tonton Venant asahihishe kitu, kama kawaida yake. Hakusahihisha. Mvua ilipungua, akachukua mwavuli wake, akaaga. Niliangalia ungo wangu nikakuta nimechanganya maharage mazuri na mabovu, nikaanza upya.

Miaka ikapita, sisi wasichana tukawa wanawake. Nsimire alipopata mchumba, Maman Faida alimtuma mtu kutoka Nyangezi kumwomba Papa awepo siku ya mazungumzo ya mahari. Tulienda wote. Msemaji wa upande wa mvulana alikuwa mzee mpole kutoka Walungu. Alisalimia vizuri, akasifu nyumba, kisha akauliza kwa heshima papa wa binti yuko wapi, kwa maana hawezi kuzungumza na ukuta.  Maman Faida aliinamisha macho kwenye kitenge chake. Kwa miaka yote ile neno lilikuwa halijatamkwa mbele yake, na sote tulilizunguka kama watu wanavyozunguka shimo la barabarani.

Papa alisimama. Mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda.

"Papa yake alikufa," alisema. "Alikufa juu yangu. Mimi niko hapa pahali pake."

Kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, kufa juu ya mtu ni kufa kwa ajili yake. Maman Faida aliinua uso. Hakulia. Aliitika kwa kichwa mara moja, taratibu, kama mtu anayepokea mzigo alioujua uzito wake tangu zamani, na akamwambia msemaji waendelee. Wakaendelea. Wiki iliyofuata alienda kwa padri, na misa ya marehemu ikasomwa.

Siku hizi nafanya kazi katika shirika moja hapa mjini, nami hupanda ndege pale Kavumu kama watu wengine, nikiwa na kompyuta mapajani. Abiria wengine hufanya ishara ya msalaba magurudumu yanapoachana na lami. Mimi huwa natafuta kalamu, niendelee na kazi. Tonton Venant alifariki kwa ugonjwa wa sukari. Papa yupo, anasikia kidogo, na wajukuu wakimwomba hadithi huwasimulia za mitumbwi. Wanangu hujua vita kwa namna yao wenyewe na hawahitaji vyangu. Wakati mwingine watu huniuliza kama tulilia sana miaka ile, na nawajibu ukweli, kwamba tulipika, tulifua na tulisukana. Nilidhani ganzi ile ingeisha nikishakua, kilio kingekuja siku yake kama hedhi au meno. Mwaka huu nimefikia umri aliokuwa nao Tonton Deo siku alipopanda ndege ile. Nilitambua hilo jikoni, nikiosha sambaza. Nilisimama kidogo nikajisikiliza, nikamaliza kuwaosha, nikawatia chumvi.