Sauti Ambayo Redempta Hakuisikia

Redempta alikuwa na umri wa miaka tisa mama yake alipoacha kusema. Ilikuwa mwaka uliofuata Uhuru, katika kambi ya wafanyakazi wa mashamba ya miwa kusini mwa mji wa Moshi. Mdogo wake, Evaristo, ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia. Mama yao, Tereza, alikuwa akifua nguo kando ya mfereji wa kumwagilia miwa, na mtoto akateleza akaingia majini. Walipomtoa alikuwa amekwisha kufa. Tereza alimbeba mwenyewe mpaka nyumbani, akamlaza kitandani, akamfunika khanga. Majirani walipokuja kumpa pole aliwatazama tu. Wakasema, mwacheni, atalia tukishazika. Walizika, matanga yakaisha, miwa ikakatwa ikachipua tena, na Tereza hakutoa neno.

Hakuwa kichaa. Alipika, alipalilia mboga zake, alimsuka Redempta nywele kila Jumapili kabla ya misa. Ukimwomba chumvi alikuletea. Mumewe, Nikodemo, mkata miwa aliyetoka Singida zamani kutafuta kazi, alimpeleka zahanati, akampeleka kwa padri aombewe, kisha kwa mganga mmoja upande wa Kahe. Zahanati walisema koo ni zima. Padri alisema tumwachie Mungu. Mganga alitaka mbuzi mweusi, akapewa, mbuzi akaliwa, Tereza akabaki vilevile.

Basi Redempta akawa mdomo wa mama yake. Sokoni Tereza alishika nyanya na kukunja uso, na mtoto akasema, "Mama anasema hizi zimelainika mno, tupe za chini." Kanisani watu walimsalimu Tereza, akajibu Redempta. Hata baba yake alizoea kumuuliza, "Mama yako anasemaje?"

Alikuwa mwepesi darasani, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana huko juu mlimani. Siku moja mwalimu wa Biolojia aliwaeleza kwamba iko elimu inaitwa saikolojia, inayochunguza yanayompata mtu ndani yake, mahali ambapo kisu cha daktari hakifiki. Likizo ilipofika Redempta alishuka mpaka kambini, akamkuta Nikodemo ananoa panga.

"Baba, shikamoo. Nimepata somo la kumponya Mama."

"Marahaba. Somo gani hilo?"

Alipomweleza, mzee aliliweka panga chini. "Kama lipo kweli," akasema, "lisome mpaka mwisho wake."

Mwaka 1973, alipokuwa amemaliza kidato cha sita na mafunzo ya jeshi la kujenga taifa, alipata ufadhili wa kwenda Leipzig, Ujerumani ya Mashariki. Wenzake walijaza uhandisi na udaktari. Yeye alijaza saikolojia. Asubuhi ya kuondoka alimshika mama yake mikono yote miwili, akamwambia mbele ya majirani, "Mama, nikirudi utasema." Tereza alimgusa shavu kwa kiganja, akaingia ndani.

Alirudi mwaka 1979, vita ya Kagera ikiwa imetoka kwisha na maduka yakiwa matupu. Dar es Salaam alipokelewa na ofisa wa kupanga wasomi kazini, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Saikolojia," ofisa alisema. "Hii ni ualimu au udaktari?"

"Si ualimu wala si udaktari, ndugu."

"Sasa nitakuweka wapi, ndugu Redempta? Hebu tusaidiane. Naweza kukupeleka chuo cha ualimu, ukawafundishe walimu namna mtoto anavyofikiri. Naweza kukupeleka Ustawi wa Jamii, kule kwa watoto watukutu na ndoa zinazovunjika. Au uwe ofisa utumishi kiwandani. Viwanda vyote vinalia wafanyakazi hawaji kazini, na hakuna anayejua kwa nini."

"Hospitali je? Nataka kukaa na wagonjwa."

Ofisa alivua miwani. "Hospitali watakuuliza kama unaweza kuandika dawa. Unaweza?"

"Hapana."

"Basi chagua katika hizo nyingine."

Aliomba popote palipo karibu na Moshi, akapewa utumishi katika kiwanda kimoja cha serikali mjini. Alipata nyumba ya kupanga mtaa wa Njoro, akawahamishia wazazi wake humo, maana mgongo wa Nikodemo ulikuwa umekataa miwa. Kiwandani walimpenda. Mtu aliyekosa kuja kazini siku mbili hakukuta barua ya onyo mezani kwa Redempta, alikuta kiti akae aseme. Wengi walitoka pale wamefuta macho, na kesho yake walikuja kazini.

Lakini kila alasiri alirudi nyumbani kwa mama yake, na huko elimu ilimgomea. Alimletea karatasi na rangi achore. Alimwonyesha picha za watoto, za maji, za nyumba. Alikaa naye kimya kama alivyofundishwa, akangoja. Tereza alichambua maharage yake. Alasiri moja Redempta alianza kumuuliza juu ya mfereji, taratibu, neno kwa neno. Tereza aliondoka mkekani, akakusanya zile picha zote, akazipanga vizuri kama mtu apangaye sahani, akamrudishia mwanawe mapajani, akaenda kukaa jikoni peke yake.

Nikodemo alikuwa mlangoni. "Mwanangu," akasema, "mpumzishe mama yako na shule yako."

Redempta alikwenda kumwona Daktari Filemon, aliyeshughulika na wagonjwa wa akili katika hospitali moja ya mjini. Alikuwa Mchaga wa Old Moshi, mtu asiyezunguka katika maneno.

"Ulichosoma ni mlango," alimwambia. "Umefungua, umeona chumba, hujaingia. Kumfundisha mwalimu unaweza, kuongoza wafanyakazi unaweza. Kumtibu mtu hujasomeshwa. Ukitaka hilo, kuna njia mbili. Uanze udaktari tangu mwanzo, utazeeka darasani. Au uongeze shahada ya pili ya saikolojia ya tiba. Hapa nchini sijaona inapofundishwa. Urudi kulekule ulikotoka."

"Na mama yangu?"

"Mama yako amekaa hivyo karibu miaka ishirini. Miwili atakungoja."

Neno hilo ndilo alilokwenda nalo. Aliandikia walimu wake wa Leipzig, akapata nafasi, na mwaka 1981 ufadhili ukatoka. Alimweleza baba yake.

"Ulikwenda kwa ajili yake mara ya kwanza," akasema. "Ukarudi, ukasema haitoshi. Sasa ukienda tena, itatosha?"

"Safari hii itatosha, Baba."

"Nenda basi. Lakini usirudi njiani. Ukianza, umalize."

Siku ya safari Tereza alimfuata mpaka barabarani, jambo ambalo hakulifanya ile mara ya kwanza. Alisimama pale kwa khanga yake mpaka gari likapinda kona.

Yaliyofuata Redempta hakuyajua. Habari zilizomfikia kutoka nyumbani, akiandikiwa na katekista wa kanisa lao kwa maneno ya baba yake, zilisema siku zote kwamba mama hajambo, yuko vilevile, sukari hakuna, unga ni ule wa njano wa msaada, wewe soma. Alisoma. Aliingia wodini na walimu wake, akaanza kuona namna mtu aliyefungika anavyofunguka, pole sana. Nyuma ya kila mgonjwa aliyekaa naye aliona uso wa Tereza.

Mwaka 1983, wakati wa masika, bibi wa bweni alimletea simu ya maandishi. MAMA AMEFARIKI. TUMEZIKA. MALIZA MASOMO. BABA.

Alimaliza. Watu wengine wamemlaumu kwa hilo, lakini angerudi kumzika nani? Mwezi wa nane alikuwa Njoro. Baba yake alikuwa amekonda, amekaa barazani na kofia magotini. Walilia pamoja, kisha mzee akaenda kumwonyesha kaburi. Tereza alikuwa amezikwa kwenye makaburi ya kambini, ubavuni mwa Evaristo. Kichomi, Nikodemo alisema. Kilimshika Jumatatu, Ijumaa akaondoka.

Siku ya pili alikuja jirani yao, Bi Mwanaasha, mke wa fundi cherehani, amebeba bakuli la uji wa ndizi. Alimkumbatia Redempta, akaketi naye jikoni.

"Pole, mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa. Ila siku zile za mwisho alikuulizia mno, maskini. Rede kaja? Rede bado?"

Redempta alitabasamu kidogo. "Alikuuliza kwa ishara?"

"Ishara za nini? Kwa mdomo wake." Bi Mwanaasha alimtazama, akaliweka bakuli chini. "Kwani hukuambiwa?"

Hakuambiwa. Hapo jikoni, jirani akilia na kujuta kwamba ameanza, Redempta alisikia yote. Wiki ile ile aliyoondoka, mama yake alitoka uani asubuhi akamuuliza Nikodemo, "Rede amekwenda wapi?" Mzee aliangusha ndoo. Tangu siku hiyo Tereza alisema. Mwanzoni maneno mawili matatu, baadaye mazungumzo mazima. Alipanga foleni ya sukari akibishana na wanawake wa mtaa wa Soweto. Alicheka. Na siku moja, akichambua mchele na Bi Mwanaasha, alimsimulia yaliyotokea mferejini. Kwamba Evaristo alimwita. Alimwita mara nyingi, mama, mama, akitaka kubebwa. Na yeye, mikono imejaa povu, alimjibu bila kugeuka, "Nyamaza kwanza."

"Akaniambia, hilo ndilo neno la mwisho mwanangu alilosikia kwangu," Bi Mwanaasha alisema. "Tangu hapo kila akifungua mdomo, neno ni lile lile linalokuja, akaona heri aufunge. Nikamwambia, mwandikie Rede. Akakataa. Akasema, huyu nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, alinibebea mdomo wangu tangu mdogo."

Redempta alilisogeza bakuli kando. Kisha akauliza swali ambalo Bi Mwanaasha anasema hatalisahau mpaka anakufa.

"Sauti yake ilikuwaje?"

"Mwanangu..."

"Niambie. Mimi nimeisahau. Ilikuwaje?"

"Nzito kidogo," jirani alisema. "Kama ya mtu aliyetoka usingizini. Na alisema upesi upesi."

Bi Mwanaasha alijaribu kuiga. Akasema, "Rede kaja?" Redempta akajiinamia, akajiziba masikio.

Baba yake alikuwa bado barazani. Redempta alisimama mbele yake.

"Baba. Kwa nini?"

Nikodemo hakujifanya hakuelewa. "Ungerudi," alisema.

"Ningerudi! Siku hiyo hiyo ningerudi!"

"Ndiyo. Ungeiacha shule, tena ilikuwa imebaki kidogo. Mama yako alikuwa anasema, alikuwa mzima, nani alijua atakufa? Nikasema, amalize, aje amkute mama yake anamkaribisha mlangoni kwa mdomo wake. Nilitaka nikupe hiyo. Nilikuwa naiona usiku na mchana, mwanangu, namna utakavyoshtuka."

Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa amemtunzia binti yake furaha, ikamfia mikononi. Redempta aliingia ndani.

Daktari Filemon alimpa chumba hospitalini, chenye meza na viti viwili. Sasa alikuwa na ile shahada iliyohitajika. Mgonjwa wa kwanza alikuwa kijana wa Kibosho asiyelala, wa pili mama wa makamo. Yule mama alianza kueleza shida zake na Redempta hakuweza kuzisikia, machozi yalimtoka mpaka mgonjwa akamwita muuguzi. Alijaribu tena wiki iliyofuata, na nyingine. Daktari Filemon alimwambia bila kuzunguka, "Mkono uliovunjika haubebi mwingine. Nenda kafanye kazi nyingine kwanza." Chuo Kikuu Dar es Salaam kilikuwa kinamtaka afundishe. Alikataa, asiache makaburi mawili bila mtu. Akachukua ile nafasi ya kwanza kabisa aliyowahi kutajiwa, ya chuo cha ualimu, kimoja cha huko mlimani, kwenye migomba na baridi.

Huko alifundisha vizuri. Mwaka 1985 msichana mmoja wa Old Moshi, Elifuraha, aliyekuwa akienda chuo kikuu, alikuja kumuuliza, "Mwalimu, nikisoma saikolojia, nitafanya nini baadaye?"

Redempta alimweleza kwa subira. Kwamba shahada ya kwanza itamfikisha darasani, viwandani, au Ustawi wa Jamii, na zote ni kazi za heshima. Kwamba akitaka kutibu itabidi aongeze, mbali na kwao. Kwamba akipenda utafiti aende mpaka udaktari wa falsafa. Msichana aliandika yote.

"Na wewe, Mwalimu, uliisomea nini?"

"Mama yangu," Redempta alisema.

"Akapona?"

"Alipona. Sikuwepo."

Wakati huo Nikodemo alikuwa amekwisha kuamua kurudi Singida kwa ndugu zake. Hawakugombana tena tangu siku ile. Walikula pamoja, waliulizana hali, Redempta alimchemshia maji ya kuoga. Lakini mzee hakuweza kukaa nyumba moja na macho ya binti yake. Alfajiri moja Redempta alimsindikiza mpaka stendi, akampandishia mzigo juu ya basi la Arusha.

"Twende wote," Nikodemo alimwambia dirishani. "Singida kuna shule pia."

"Mama na Evaristo wako hapa, Baba."

"Nilikosea, Redempta."

"Ulikosea," alisema. Akampandishia kola ya koti, akamfunga kifungo cha juu, kwa kuwa njiani kuna baridi. "Ukifika uniambie hali yako. Kama unaumwa, useme unaumwa."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Basi lilipoondoka Redempta alinunua mafuta ya taa kwa mtu aliyekuwa akiuza kwa chupa, akapanda gari la mlimani, maana alikuwa na kipindi saa nne.