Toazi la Mfongo wa Kirua

Nilikwenda Kirua Vunjo kwa sababu toazi langu la chini lilipasuka. Mimi ni mpiga dramu wa kwaya yetu hapa Soweto, Moshi. Kwa wasiojua dramu, kushoto kwa mpigaji husimama stendi yenye matoazi mawili yanayotazamana. Ukikanyaga pedali yanafumbana na kutoa mlio mfupi, mkali, unaoshika mwendo wa wimbo wote. Jozi hiyo tunaiita haihati. Toazi langu la juu ni la shaba ya zamani, limefubaa na maandishi yake yamefutika, lakini ukiligusa linanong'ona. Nilipolioanisha na jipya la dukani, sauti ikawa ya mfuniko wa sufuria ulioangukia sakafuni.

Mwalimu Temba, kiongozi wetu wa kwaya, aliniita pembeni. "Kijana, Jumapili tunarekodi. Ukikosa haihati tutatumia midundo ya kinanda, na wewe utasimama na besi."

Sauti yangu si ya besi. Sina hakika ni ya nini. Na tangu nimalize chuo mwaka juzi, dramu ndicho kitu pekee ninachoweza kukitaja mtu akiniuliza siku hizi nafanya nini.

Aliyeniokoa ni dada Happy wa sauti ya alto. Alisema kwao Kirua kuna toazi kuukuu lililobaki kwenye dramu za parokia zilizokwisha kuharibika, na sasa linagongwa kuwaita watu wakasafishe mfongo, yaani ule mfereji unaoteremsha maji mashambani. Shangazi yake, Mama Kalista, ndiye katibu wa mfongo. Happy alinitumia sauti ya toazi hilo kwa simu. Nilisikiliza mara arobaini hivi, nikiwa na toazi langu mapajani. Mama Kalista alikuwa na sharti moja: "Tutakuuzia, pesa tukanunulie saruji ya mfongo. Lakini uje na kitu kingine cha kugonga, na kisikike mpaka nyumba ya mwisho."

Jumatano mchana nilikwenda kwa wauza vyuma chakavu kutafuta rimu ya gari, kwa kuwa shule nyingi hutumia rimu kama kengele. Niligonga rimu tisa kwa spana, nikirudi kwenye ile ya kwanza kila baada ya mbili, mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua rimu au nafanya mazoezi ya kwaya. Nilichukua ya saba. Usiku nikajilaumu kwamba ya nne ilikuwa bora.

Alhamisi, saa moja asubuhi. Inno, dereva wa bodaboda anayeegesha karibu na kwetu, aliutazama mzigo wangu: rimu, stendi ya haihati, toazi ndani ya foronya, mizani ya jikoni ya mama yangu, na futi ya fundi cherehani.

"Bro, unahama?"

"Naenda kununua toazi."

"Na mizani ni ya nini, unaenda kulipika?"

Nilimweleza kwamba kwenye haihati toazi la chini linapaswa kuwa zito kidogo kuliko la juu, na kwamba kipenyo kikitofautiana hata kidogo kingo hazikutani. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo lililonitia moyo, kisha akafunga rimu kwa mpira.

Uchira tuliiacha barabara kuu tukaanza kupanda. Hewa ilibadilika ghafla, ikawa ya ubaridi na harufu ya udongo mbichi. Migomba ilifunga pande zote mbili, kahawa chini yake, na kila kona nilijiuliza mambo mapya: itakuwaje toazi likiwa na ufa? Likiwa la inchi kumi na tatu? Hata hivyo nilikuwa natabasamu peke yangu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokwenda mahali nikiwa na hamu ya kufika namna ile.

Saa tatu kasoro tulifika. Mama Kalista alitoka akijifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo wewe wa kupima pima? Happy alinionya. Kuleni kwanza."

Tulikula kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, huku macho yangu yakiwa uani. Toazi lilining'inia kwenye waya chini ya tawi la mparachichi. Nilipolishusha nikaona: karibu na ukingo palikuwa na tundu. Walilitoboa ili wapitishe waya.

Nilipitisha kucha kuzunguka tundu lote. Hakuna ufa. Nikapima: inchi kumi na nne kamili, na mizani ikaonyesha ni zito kuliko langu. Lakini tundu lilinikaa rohoni. Nilifunga stendi pale pale kati ya kuku, nikaweka la tundu chini na langu juu, nikakanyaga.

Chk.

Nikakanyaga tena. Mlio ulikuwa mkavu na safi kuliko hata jozi yangu ya zamani. Ndipo nikaelewa. Matoazi yenye kingo zilizonyooka yakifumbana hubana hewa katikati, na sauti inafifia. Hapa hewa ilitokea kwenye tundu. Niliwaeleza Inno na Mama Kalista haraka haraka.

"Kwa hiyo tumekusaidia kutoboa," alisema Mama Kalista. "Vizuri. Sasa hiyo rimu yako nayo isikike."

Tulitundika rimu mahali pa toazi. Nyumba ya mwisho ni ya Baba Priva, ng'ambo ya korongo. Mama Kalista alimpigia simu, akaweka sauti kubwa, akamweleza kwamba tunajaribu kengele mpya na atamrudia baadaye. Akakata. Nikagonga. Akampigia.

"Baba Priva, umesikia?"

"Sijasikia kitu."

Nikarudi kwenye rimu. Nikagonga kwa nguvu zaidi, akampigia tena. Hajasikia. Nilianza kuifikiria ile rimu ya nne. Inno alichukua spana akagonga yeye, na mbwa wakabweka mpaka mbali.

"Na sasa?" Mama Kalista aliuliza alipompigia tena.

"Mama Kalista, nimekwambia. Hata hiyo ya tatu, aliyogonga huyo mwenye nguvu, haijafika huku."

 Kisha Mama Kalista akacheka mpaka akashika nguzo ya banda.

"Meku huyo, mzee mzima," alituambia baada ya kukata simu, "miaka yote hasikii. Siku ya mfongo yeye ni kiziwi, siku ya zamu ya maji anafika wa kwanza." Akalifuta toazi kwa ncha ya kanga, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Chukua. Rimu imefika."

Saa saba tuliteremka, toazi likiwa kifuani mwangu ndani ya sweta. Nilikuwa nimebeba mizani nikitafuta jozi kamilifu, nikarudi na mawili yasiyofanana: moja jepesi na zima, jingine zito na lililotobolewa. Nimejifunza kwamba kupima kulinifikisha mpaka uani tu. Baada ya hapo ilibidi nikanyage nisikie.

Jumamosi jioni, mazoezini, sikumwambia mtu chochote kuhusu tundu. Tulianza wimbo wa kwanza, midundo ya kinanda ikiwa imewashwa kwa tahadhari. Kwenye ubeti wa pili Mwalimu Temba aliacha kuongoza, akageuka, akainama nyuma ya kinanda. Mguu wangu ukasimama. Nilianza kutunga maelezo.

"Nani amekwambia uache?" alisema akiwa bado ameinama. "Piga. Natafuta kitufe cha kuzima midundo hii."