Sindano Mbili za Babu

Katika ukoo wetu, uliotoka kaskazini mwa Katanga, babu humtania mjukuu wake wa kike kwa kumwita mke. Babu yangu, mstaafu wa reli, aliniita mke tangu nikiwa mchanga. Nilipoanza kujifunza uuguzi aliwatangazia majirani kwamba sasa ameoa msomi. Nami nilimjibu kwamba nimeolewa na kizee kisicho na meno. Hivyo ndivyo tulivyopendana.

Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na Lubumbashi bado iliitwa Elisabethville. Daktari wa zahanati yetu alikuwa amefunga virago akaenda zake, na njia ya Kipushi, ya kwenda mpakani, ilikuwa na vizuizi, leo vya askari hawa, kesho vya wale. Tulibaki wauguzi peke yetu, chini ya muuguzi mkuu, bwana wa maneno machache. Babu aliposhikwa na homa ya mapafu, nikapewa kazi ya kumchoma sindano nyumbani, mtaani Makomeno: penisilini na streptomisini, kila asubuhi, zote mbili. Ndivyo tulivyozoea. Dawa moja ikiwa nzuri, mbili je? Hata wagonjwa walinuna ukiwachoma moja.

Siku ya tatu kifua kilianza kulegea. Babu akakaa kitako, akasema:

"Muke yangu, ule ukuta ya jirani inaanza kukauka. Siku mbili siyaenda kule."

Ukuta huo ndio aliokuwa akiukojolea, ugomvi wa miaka mingi. Nikacheka, nikamwambia jirani atatuletea kuku wa shukrani.

Siku ya tano akasema: "We muke, umetia pombe mu shindano? Nyumba inazunguka, na mu masikio train inapita bila kusimama."

"Bwana yangu, unatafuta tu sababu ya kunishika mkono," nikamjibu, nikamchoma zote mbili. Tukacheka wote. Lakini alipoinuka kwenda mlangoni alitembea akijishika ukutani, na hilo sikulipenda.

Zahanati nilimsimulia muuguzi mkuu, bado natabasamu. Yeye hakutabasamu.

"Muzee eko nakojoa bien, muzuri?"

Nikamweleza utani wa ukuta, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba haukuwa utani. Mzee alikuwa ameniambia kila kitu kwa lugha yetu, nami nikakenua meno!

Muuguzi mkuu alipanda baiskeli yake tukaenda wote. Akabonyeza miguu ya babu, na kidole kikaacha shimo. Kisha akanieleza kwa upole: dawa zote mbili hutoka mwilini kwa mkojo, na mafigo ya mzee yamechoka. Zinabaki ndani, na kila asubuhi mimi naongeza nyingine juu yake. Penisilini ikipunguzwa atahimili. Streptomisini ikijaa hula masikio, na sikio likishakufa halifufuki.

Niliogopa kuliko nilivyoiogopa mizinga ya vita. Babu akiwa kiziwi, nani atanitania, na mimi nitamjibu nani?

Streptomisini tuliiacha siku hiyo hiyo. Kifua kikapona. Mkojo ukarudi kidogo kidogo, nikawa naupima kwenye kopo kwa furaha ambayo sijaiona hata harusini. Tangu hapo sijamchoma mzee yeyote sindano kabla ya kumuuliza habari za choo, na wengine wamenitukana kwa hilo.

Lakini kwa masikio tulikuwa tumechelewa kidogo. Niligundua siku niliyopiga magoti kumwomba msamaha. Nilikuwa na sauti nyembamba ya kisichana, na babu akabaki akiniangalia midomo. Sauti nzito alizisikia vizuri. Yangu ilikuwa imempotea. Nikaishusha sauti hadi tumboni, nikanguruma:

"Babu, unisamehe. Ulinielezea, mi nikacheka."

Macho yakamtoka.

"Weee! Muke yangu amegeuka mwanaume!"

Nilicheka huku machozi yananitoka. Nikaendelea kuzungumza naye hivyo miaka yote aliyobakiza, mpaka sauti ile ikawa ndiyo yangu. Ninayo hadi leo, na wageni hushtuka wakinisikia.