Ukoo Wangu Niliuweka Jikoni

Nilianza kuosha vyombo kwa mkono wa kushoto nikiwa na miaka sitini na tatu, na mke wangu akadhani nimerogwa.

Simlaumu. Kwetu huku Magunga mwanamume wa umri wangu akionekana jikoni, ama mke amesafiri ama mambo yameharibika. Lakini redioni walikuwa wamesema akili hufanyishwa kazi kila siku: piga mswaki kwa mkono usiouzoea, badilisha njia ya kwenda dukani, kariri vitu badala ya kuviandika. Nami nilikuwa na sababu ya kutega sikio. Mara saba nilikuwa nimetumwa dukani, nikafika, nikasimama mbele ya mwenye duka bila kukumbuka nimetumwa nini, na kwa aibu nikanunua ufagio. Fagio saba! Mke wangu alizipanga ukutani pale sebuleni ili wageni nao wazione.

Ningecheka tu, kama si mama. Mama yangu anaishi katika nyumba yake ndogo hapa hapa bomani, na kwa miaka miwili sasa amekuwa akinisahau. Hunikaribisha vizuri sana, huniita mwalimu, maana kazi yangu ilikuwa hiyo, kisha huniuliza: "Mwalimu, kijana wangu wa mwisho atakuja lini? Ukimwona mwambie aje." Kijana huyo ni mimi. Mwanzoni nilikuwa nabishana naye. Siku hizi namwambia, "Yuko njiani, mama," natoka nje, napangusa macho, narudi kuzitazama fagio zangu. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kwamba ugonjwa uliomchukua mama ulikuwa umeshanianza na mimi.

Basi mazoezi yakaanza. Jirani alikuja kunitembelea, nikampa kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Alikitazama kile kikombe, akanitazama mimi, akauliza, "Mwalimu, kwani nimekukosea nini?" Ilibidi nimweleze habari za redio tangu mwanzo mpaka mwisho, na chai ikapoa. Njia mpya ya kwenda dukani nayo ilinipitisha kwenye maboma ya watu nisiowatembelea kamwe, nikisalimia kila mtu. Siku ya tatu mzee mmoja aliniuliza nawania kiti gani. Nilipokana, akaniambia wote huanza hivyo hivyo.

Kisha ikaja habari ya ayie, sherehe yetu ya kupokea wakwe. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Migori kuleta posa ya binti wa marehemu kaka yangu, na aliyekuwa akiitambulisha familia yetu siku zote ni huyo huyo kaka. Kazi ikaniangukia mimi. Na kutambulisha kwetu si mchezo. Unasimama mbele ya wageni, unamtaja kila mtu wa ukoo kuanzia mkubwa, ameoa wapi au ameolewa wapi, na sifa yake moja nzuri, hata kama ya kutafuta kwa tochi. Ukimruka mtu atakununia mpaka siku ya mazishi yako, na hapo atakuja kula. Na usithubutu kusoma karatasi! Wageni watadhani watu hao umewaazima.

Niliwahesabu, wakawa kumi na tisa. Kwa kuwa saa zangu nyingi zilikuwa zinaishia kwenye karai la vyombo, nikaamua kuwaketisha humo humo jikoni, kila mtu na chombo chake, kwa mpangilio wa umri kuanzia mlangoni. Shangazi mkubwa nilimweka kwenye jiko la makaa kwa sababu husikia baridi daima. Mjomba anayevua samaki kisiwani Remba nilimtia ndani ya pipa la maji. Shangazi wawili wasiosemezana tangu harusi fulani niliwatenganisha, mmoja kwenye birika, mwingine kwenye chupa ya chai, rafu mbili tofauti. Kila nikiosha, nawataja. Baada ya wiki mbili nikawa nawataja wote kumi na tisa bila kukosea.

"Na mimi umeniweka wapi?" mke wangu akauliza.

"Kwenye mkebe wa sukari," nikamdanganya. Alikuwa kwenye kibao cha kukatia vitunguu.

Siku yenyewe wageni walifika mapema. Nikaingia jikoni kupitia ukoo wangu mara ya mwisho. Yawa! Jikoni mlikuwa mtupu. Hakuna jiko, hakuna pipa, hakuna hata kijiko. Nilitoka mbio kumtafuta mke wangu, nikamkuta nyuma ya nyumba na akina mama wapishi.

"Vyombo viko wapi?"

"Vinapika," akasema. "Kwani watu mia moja ulitaka wapikiwe kwa nini, kwa fagio?"

Nikaitwa kusimama. Kichwa kilikuwa cheupe, bila jina hata moja. Ndipo nikaona, ng'ambo ya turubai, pipa la maji likiwa limesimama karibu na moto. Nikapaza sauti: "Mjomba wetu wa Remba!" Mjomba alitakiwa awe wa nne. Aliinuka akiwa ameduwaa, kwa maana hajawahi kutangulizwa popote. Baada ya hapo niliwataja kadiri vyombo vilivyojitokeza. Mama mmoja aliinua sufuria kubwa, nikafungua kinywa kumtaja binamu wa Rangwe, mama akazunguka nayo nyuma ya nyumba. Nikakohoa mpaka sufuria iliporudi. Halafu msichana akapita na sinia moja lenye birika na chupa ya chai pamoja, na mdomo ukanitangulia: "Na hawa shangazi zetu wawili, wapendanao!" Walisimama bega kwa bega, kila mmoja akitazama upande wake. Wageni wakawapigia makofi, na mimi nikaomba ardhi inimeze.

Lakini nilifika kumi na tisa. Nilihesabu kwa vidole, nikaketi kwa furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nistaafu. Akili ilikuwa bado ipo! Nikamtafuta mke wangu anisifu. Hakuwa anacheka. Alikuwa ananionyesha kwa macho kiti cha mbele kabisa, na kwenye kiti hicho alikuwa ameketi mama.

Sikuwa nimemweka kwenye chombo chochote. Hata kwenye hesabu hakuwemo. Nilikuwa nimejiambia, nani anahitaji mazoezi ili amkumbuke mama yake mzazi? Nikasimama, na yeye pia alikuwa anasimama, polepole, kwa fimbo yake.

"Mwalimu, keti," akasema. Nikaketi.

"Mwalimu amewataja wote," akawaambia watu akinielekezea mkono. "Hata hawa wawili wasiosemezana amewataja. Lakini mmoja amemruka."

Nikainamisha kichwa kungoja aibu yangu. Fimbo ikaja ikigonga chini mpaka karibu nami, na mkono wake ukatua begani pangu.

"Huyu," akasema. "Huyu hakuna aliyemtaja. Ni kitindamimba wangu. Mpole, lakini tangu utotoni ukimtuma chumvi anakuletea kitu kingine."

Watu walicheka mpaka wakwe wakashika mbavu. Mimi nililia, mbele ya wageni wa Migori, mzee mzima, na sikutafuta leso.

Asubuhi yake nilimpelekea uji. Alinikaribisha vizuri sana.

"Mwalimu, kijana wangu wa mwisho atakuja lini?"

"Alikuja jana, mama."

"Ai! Alileta nini?"

"Ufagio."

Alicheka mpaka uji ukamwagika. "Basi ni yeye," akasema.