Ufa Kwenye Taji la Tabora

Kidawa binti Kibwana alirithi kwa baba yake kazi ya kutengeneza saa, pamoja na jicho lisilochoka. Watu wa Kibaha walikwishazoea kumwona mwanamke yule kibarazani kwake, lenzi imebanwa jichoni, kichwa kimezama ndani ya saa ya mtu, akiitikia salamu bila kuinua uso.

Mwaka 1978 akaja mteja mpya, Stellamaris, mtunza sarafu wa jumba moja la makumbusho la Dar es Salaam aliyekuwa amepanga Kibaha. Alileta saa iliyosimama. Alipoiona ile lenzi, akachomoa mkobani sarafu ya shaba iliyochakaa.

"Dada, hebu nitazamie. Huu mstari juu ya taji ni mkwaruzo?"

Kidawa akaigeuza kwenye mwanga. "Mkwaruzo ungechimba ndani. Huu umeinuka. Kilichopasuka si sarafu, ni chuma kilichoigonga."

Stellamaris akavuta kigoda akakaa. Saa ikasahauliwa.

Ile ilikuwa hela ya Mjerumani, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, vita vimekaza na fedha za Ulaya haziingii. Kipande cha shaba kiliwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma, mmoja wa taji, mwingine wa namba ya thamani, 20, kikagandamizwa; muhuri ukipasuka, shaba iliingia ufani ikaacha mstari ulioinuka. Stellamaris alikuwa akisaka kumbukumbu za mihuri hiyo: upi ulitangulia, upi ulivunjika, upi uliwekwa na upi. Kila alikouliza alijibiwa kwamba kumbukumbu hazijulikani zilipo.

"Basi tuziulize hela zenyewe," Kidawa akasema.

Tangu hapo, kila alipopata nafasi alifuatana na Stellamaris mjini, wakamwaga hela za makumbusho mezani. Stellamaris alijua historia ya kila moja na ilikotoka. Kidawa alifuata ufa. Chuma kikishapasuka hakijiungi, kwa hiyo hela yenye ufa mfupi iligongwa kabla ya yenye ufa mrefu. Taratibu wakazipanga, na siku za karakana ile ya vita zikaanza kuonekana moja baada ya nyingine.

Kisha wakakwama. Kulikuwa na muhuri wa namba wa zamani, ambao tarakimu yake ya mbili ilikuwa na mkia mrefu. Hela zake zote zilikuwa na taji zima. Muhuri mpya ulipoanza, taji lilikuwa limeshapasuka hadi katikati.

"Ufa haukuruka," Kidawa alisisitiza. "Ulianza muhuri wa zamani ukingali kazini. Ipo hela yenye mkia mrefu na ufa mfupi."

"Nionyeshe, niamini," Stellamaris akajibu. "Bila hiyo tutaandika tunachodhani tu."

Kidawa akaingia vijiji vya Kisarawe. Alijua wazee kule walizitoboa hela wakazifanya mapambo. Kwenye kijiji cha Masaki wakamcheka: "Unatafuta hela ya Mjerumani, na sisi ya sukari hatunayo!" Akacheka nao, akatazama walizonazo, akaondoka mikono mitupu. Alirudi tena na tena, kijiji kwa kijiji, hadi Marui, ambako alielekezwa kwa Bi Biasha, mwenye mkufu wa hela, mjane wa mpagazi wa vita vile aliyerudi kwa miguu kutoka Tabora.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayetafuta hela zilizokufa?"

"Ndiye mimi. Naomba kuuona mkufu wako."

"Uone hapahapa shingoni. Marehemu alinivisha kwa mkono wake, hautoki."

Kidawa akapiga magoti, shavu lake likigusana na la bibi, akazipitia hela taratibu. Karibu na kishikizo akakuta ile mbili ya mkia mrefu. Akaigeuza. Juu ya taji palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, haujafika popote.

"Bibi, usitikisike!"

"Kuna nge?"

"Hakuna nge, bibi! Ni yenyewe!" Akaruka, akapiga kigelegele hadi majirani wakatoka mbio wakidhani kuna harusi.

Stellamaris alifika Marui juu ya lori la korosho. Naye akapiga magoti, akatazama kwa muda mrefu, kisha akamkumbatia Kidawa. "Nilikubishia. Leo nimeinua mikono."

Orodha ya mihuri ilichapishwa ikiwa na majina yao wawili, na mwaka 1981 hela zikawekwa hadharani kwenye jumba la makumbusho, zimepangwa kuanzia taji zima hadi lililochanika. Nafasi moja kabatini iliachwa wazi, kwa kuwa hela yake iliingia mlangoni yenyewe, shingoni mwa Bi Biasha aliyevaa khanga mpya. Alikalishwa kiti cha mbele kando ya kabati. Watu wakapanga foleni.

"Tazameni kwa macho," aliwaambia, akiinua kidevu. "Anayeruhusiwa kugusa ni fundi wangu peke yake."

Kidawa akasogea na lenzi yake, akaanza kuwaonyesha.