Mama Viti wa Uyole

Sekela hakuzaliwa na roho ngumu, na anayesema alizaliwa nayo hamjui. Alichokuwa nacho ni mshahara mdogo. Alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali pale Mbeya mjini, akikaa Uyole na mama yake, bibi Bupe. Mume alikwenda Tunduma zamani kutafuta maisha, na maisha akayapata huko huko. Binti yao, Catherine, alikuwa anasoma chuo Iringa, na ada ya chuo haiulizi kama mshahara wa mama umekata kabla ya katikati ya mwezi.

Ikabidi Sekela ajiongeze, kama vijana wanavyosema. Akafuga kuku wa mayai, ugonjwa wa kideri ukapita, wakaisha wote. Akatengeneza sabuni ya maji, majirani wakaikopa, wakafulia, wakanyamaza. Akanunua friji, akaanza kuuza barafu za maziwa. Barafu, jamani! Uyole, mwezi wa sita! Watu wamevaa makoti mawili mawili, yeye anawatolea barafu. Mama yake alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu, unawauzia watu baridi wakati wanayo ya bure?"

Basi ndipo likaja wazo la viti. Alikuwa msibani kwa jirani, akaona vijana wanavyohangaika kuazima viti nyumba hadi nyumba. Akachukua mkopo, akanunua viti vya plastiki vya bluu, maturubai mawili na masufuria yale makubwa ya shughuli. Huo mradi ukajibu. Uyole hapakosi harusi, na msiba hauna msimu. Kila mwezi kikawa kinaingia kitu juu ya mshahara, Catherine akalipiwa ada, bati lililokuwa linavuja likabadilishwa, Sekela akaanza kulala usingizi wa kweli. Nani angemlaumu? Mimi simlaumu hata leo.

Lakini kidogo kidogo akawa haingii msibani kama watu wanavyoingia. Anafika na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, anashusha viti, anatoa pole akiwa amesimama, anatuma rambirambi kwa simu, huyo, kaondoka. Jioni anarudi, na neno lake la kwanza ni lile lile: "Jamani, nihesabieni viti vyangu." Mara nyingine mfiwa mwenyewe ndiye anayeinuka kuhesabu. Ndipo jina la Mama Catherine likapotea, akaitwa Mama Viti. Yeye akaliona ni jina la biashara, akaliandika mpaka kwenye turubai.

Aliyekuwa anakaa msibani ni mama yake. Bupe hakuacha msiba hata mmoja. Alifunga kanga kiunoni, akabeba mkeka wake na kisu chake cha kumenyea ndizi, akaenda. Akiulizwa mwanae yuko wapi, alijibu, "Yuko kazini. Nimekuja kwa niaba yetu wawili." Na nyumbani alikuwa na wimbo mmoja.

"Mimi kufa siogopi. Naogopa kuzikwa na watu wachache. Siku yangu nataka watu, Sekela. Nataka waje wakae."

"Watakuja, mama. Viti si vipo?"

Bupe akaendelea kuchambua maharage yake.

Sasa hapo jirani alikuwapo Mbuke, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao, yeye akaja Uyole kuuza mchele wa Madibira sokoni. Mumewe, Selestini, akaugua, akafariki. Mazishi yakaangukia Jumamosi, na Jumamosi hiyo hiyo Sekela alikuwa na oda ya harusi mjini, ya viti vyote. Akakubali kupeleka viti kote kuwili. Alijipigia hesabu kwamba watu wakitoka makaburini watakula upesi waondoke, kama vile hajawahi kuona msiba!

Hawakula upesi. Ndio kwanza wameketi, sahani mikononi, kirikuu kikaingia kinyumenyume mpaka uani. Sekela akashuka, akaomba radhi, tena kwa adabu kabisa, na viti vikaanza kupakiwa. Wazee wakasimama na wali wao mkononi. Mbuke aliona yote akiwa mlangoni. Aliyesema ni Bupe, aliyemfuata mwanae mpaka kwenye gari.

"Leo umenivua nguo mbele za watu," alisema. Kisha akarudi ndani kwa Mbuke, akatandika mkeka wake, na nyumbani hakuonekana siku kadhaa.

Sekela aliona aibu, na aibu ikamsumbua kweli. Akamtumia Mbuke rambirambi nyingine, nene kuliko ya kwanza. Mbuke akairudisha yote kwa simu, na pesa ya makato akaongeza.

Mvua za masika zilipokolea, kifua kikambana Bupe, na hakuamka tena. Sekela alilia kama mtoto. Catherine akaja na basi kutoka Iringa, akajitupa kitandani kwa bibi yake, hakutaka hata maji. Simu ikawa inaingiza ujumbe: pole sana, tuko pamoja, pokea hiki kidogo. Simu ilijaa, uani hapakuwa na mtu. Asubuhi ya mazishi Sekela alipanga viti vyote, mistari mirefu ya bluu chini ya turubai lenye jina lake. Akakaa kwenye kimoja, macho getini. Mama aliomba kitu kimoja tu, na mimi nimemkosesha, akawaza.

Kisha wakaja. Wa kwanza alikuwa Mbuke, mzigo wa kuni kichwani. Nyuma yake wanawake na ndizi na ndoo za maji, halafu wanaume na majembe, halafu kwaya nzima ya kanisani. Viti vikajaa, wengine wakakaa kwenye matofali. Kaburi lilichimbwa, nyimbo ziliimbwa, watu walikula na kusaza. Sekela akawa anazunguka na sinia, moyo umemtulia. Mama, watu wako hawa, alijisemea. Wamenisamehe.

Jioni alipotoka ndani kumlaza Catherine, alikuta masufuria yamesuguliwa yanang'aa na viti vimefutwa, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Wanawake walikuwa wamesimama getini, wamevaa viatu, mikeka imekunjwa kwapani. Na pale Uyole, mfiwa haachwi alale peke yake siku ya kuzika. Hilo hata mtoto analijua.

"Jamani, mbona mnaondoka? Kaeni basi kidogo."

Wakatazamana. Mbuke ndiye aliyejibu, taratibu, bila ubaya wowote.

"Viti vyako tumekuhesabia, Mama Viti. Vyote vipo."

Wakatoka mmoja mmoja, wakaaga vizuri, wakaenda zao. Sekela akabaki amesimama kando ya viti vyake. Hawakuwa wamemfanyia baya lolote.

Mbuke alifika barabarani, akasimama. Kisha akageuka, akampita Sekela bila kumtazama, akaingia sebuleni, akatandika mkeka.

"Mama yako hakutoka kwangu mpaka nilipoanza kula," alisema. "Nimekuja kwa ajili yake."

Sekela akakimbilia uani, akarudi na kiti, akikifuta kwa kanga yake.

"Kirudishe," Mbuke akasema. "Njoo ukae."

Sekela akakiacha mlangoni, akaketi chini kwenye mkeka wa mwenzake. Kilio alichokuwa amekibana tangu asubuhi kikatoka chote. Mbuke akamwacha alie mpaka akanyamaza.

"Umekula?"

"Sijala, dada."

"Basi nipo," alisema Mbuke, akavua viatu.